Dalia isiyonukia

Kucha zangu bado zina udongo. Kutwa nzima leo niko uwani nafukua viazi vya dalia, na mama kakaa barazani ananisimamia kama mnyapara. Naandika usiku huu huu, maana msimu huu umenipita kama homa: ulipokuwepo niliona hauishi, sasa ukiniuliza Juni ilikuwaje, sikumbuki vizuri.

Nianze na jina, kwa sababu jina ndilo lililonitia matatani. Kwetu Unguja ukimtajia mtu mzima dalia, hafikirii ua. Anafikiria ule unga wa manjano wa manukato, wa kujipaka mwilini, unaokwenda pamoja na liwa na mambo ya kumsinga bibi harusi. Mama yangu ametunga na kuuza vikuba, vile vishada vya asumini na rihani, sokoni Darajani kwa zaidi ya miaka thelathini. Dalia kwake ni hiyo, hakuna nyengine. Basi mwezi wa Machi wifi yangu, mke wa kaka, mzaliwa wa Lushoto, katoka kwao kaja na kikapu cha viazi tisa, alivyovikosha udongo wote na kuvifunga kwenye magazeti. Kasema, "Mama, nimekuletea dalia." Mama akanyoosha mkono wa kushoto, ndio uliobaki na kazi tangu kiharusi kilipompiga mwaka jana, akatoa kimoja, akakinusa, akakirudisha.

"Hii mihogo, mwanangu."

Wifi akacheka mpaka akashika kizingiti. Akaeleza kuwa ni maua, kwao mama yake huyapanda mbele ya nyumba, mengine makubwa kama sahani ya chai, mengine madogo ya duara kama kipira. Usiku ule nikaingia mtandaoni nikamsomea mama. Kumbe jina limetoka kwa bwana mmoja wa Uswidi, Anders Dahl, mtaalamu wa mimea. Aliyempa heshima hiyo ni kasisi wa Kihispania, Antonio José Cavanilles, kule Madrid mwaka 1791, na Dahl mwenyewe alikwishakufa tangu 1789. Ua lenyewe asili yake Meksiko, na huko tangu 1963 ndilo ua la taifa. Watu wa kale wa huko hata viazi vyake walivila. Mama kanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: linanukia?

Nikamwambia halinukii.

"Basi jina wamekosea."

Sikumwambia kwamba hilo ndilo lililonifanya nilitake. Tangu augue nimeacha cherehani yangu mjini nimerudi Mwera kumtunza, na miasumini yake mitatu iko pale pale karibu na kisima, inazaa kama kwamba hakuna kilichotokea. Asumini haina subira. Vitumba huchumwa alasiri, vimefumba bado, ili vichanue usiku kwenye nywele au kitandani kwa bibi harusi. Usipovichuma vinachanua vyenyewe mtini, na usiku nyumba nzima inanukia, na asubuhi vimeshaanguka chini vya rangi ya chai. Miezi mingapi nimefunga dirisha la upande ule. Ua lisilo na harufu niliona ni ua linaloweza kukaa na mimi bila ya kunisumbua.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa haraka. Nilivipanda ardhini mwishoni mwa Machi, nyuma ya jiko, ambapo udongo wetu ni kinamo, ule mweusi unaonata miguuni. Mtu yeyote aliyezaliwa hapa anajua Machi mwishoni kunakuja nini. Masika ikaingia, ikanyesha siku tano bila kupumua, maji yakasimama uwani mpaka bata wa jirani wakaja kuogelea. Siku ya sita nikaenda na jembe. Kiazi cha kwanza nilikigusa kwa dole gumba, dole likaingia lote. Ndani kilikuwa uji, rangi ya maji ya mchele, na harufu yake (hiyo sasa kinayo!) sijui niifananishe na nini, labda muhogo uliosahaulika ndani ya ndoo wiki mbili. Vitano vilikuwa hivyo. Nilikaa pale kwenye tope na kanga yangu imeloa, nikalia. Jirani akanipigia kelele kutoka uwani kwake: "Shoga, viazi tu hivyo!" Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki yangu.

Vikabaki vinne. Wifi akaniambia kwa simu nitazame shingoni mwa kila kimoja, pale kinaposhikana na shina kuukuu, nitafute jicho. Kiazi cha dalia si kama mbatata yenye macho mwili mzima. Jicho liko shingoni tu, na kikikatika vibaya, jicho likabaki kwenye shina, kiazi hicho hakioti. Kitakaa, kitakuwa kinono na kizima, lakini hakioti. Kimoja changu kilikuwa hivyo, tena ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Nikakipanda pamoja na wenziwe kwa ubishi.

Safari hii nikatumia ndoo za rangi. Nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, nikatandika makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa ili maji yapite, juu yake udongo wa kinongo niliouchota shambani kwa ami nikauchanganya na kichanga na samadi iliyooza. Nikazipanga chini ya upenu wa makuti. Sikutia maji mpaka nilipoona chipukizi, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote: kukaa bila kumwagilia kitu unachokipenda.

Mvua nikaikimbia, nikakutana na utitiri. Chini ya upenu jani haliloi, haliogi, vumbi linakaa. Majani ya chini yakaanza kuwa na vidoadoa vya njano kama mtu aliyenyunyiziwa binzari. Mimi nilidhani ni njaa ya mbolea. Mama, kutoka kwenye kiti chake, akasema nimletee jani. Akaligeuza kwa kidole, akalisogeza karibu na jicho, akalifuta kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka na alama nyekundu ndogo ndogo. "Wadudu hawa. Chemsha mwarobaini, ukunie humo sabuni ya mche, na uwapige kwa chini, si kwa juu. Kwa juu unaosha jani tu." Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kuniagiza kazi isiyohusu dawa zake. Nikafanya kila baada ya siku nne, magharibi, na wiki ya tatu majani mapya yakatoka safi.

Tukagombana juu ya mambo mawili. La kwanza, mmea ulipofika jozi nne za majani niliukata kilele ili utoe matawi. Mama akasema mti mgonjwa haukatwi kichwa. La pili lilikuwa vitumba. Dalia hutoa vitatu vitatu kwenye ncha, kimoja kati na viwili pembeni, na mtu anayetaka ua kubwa la kuonesha huvitoa vile vya pembeni. Mama aliniona nakinyofoa kitumba na kukitupa, akafumba macho. Maisha yake yote kitumba ndiyo riziki yake, alivihesabu kwa mamia, akijua kila kimoja kitachanua usiku mikononi mwa mtu mwengine. Nikamweleza kwamba kitumba cha dalia ukikikata hakichanui tena, kinanyauka vivyo hivyo kimefumba. Lazima ulikate ua likiwa wazi. Akafikiri kidogo. "Halina imani na mtu," akasema.

Hapo katikati kuna wiki ambazo sina la kuandika. Miadi ya mazoezi ya mkono wa mama iliahirishwa mara tatu, kila mara tunafika tunaambiwa turudi. Nauli, jua, foleni, basi. Nikirudi nakaa mbele ya zile ndoo sifanyi chochote.

Julai kusi likavunja shina la mmea mmoja, kabla sijauwekea fimbo. Nikabaki na miwili na kile kiazi kipofu. Halafu, wiki ya mwisho ya mwezi, ua la kwanza likafunguka. Zambarau iliyoiva, karibu nyeusi ndani ya mikunjo, kila petali imejiviringa kama bomba dogo la karatasi. Nilimwita mama kama mtoto. Lakini siku ya tatu lilipokamilika, katikati kukatokea duara la manjano, jicho wazi. Wenye kuonesha dalia huko ughaibuni hilo wanalihesabu kuwa dosari; ua la aina ile linatakiwa lijae petali mpaka kati. Sababu ni sisi wenyewe, yaani pahala petu. Dalia inataka siku ndefu na usiku wa baridi. Siku yetu Unguja haizidi saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na kipupwe chenyewe, tunapojifunika shuka mbili na kulalamika, kwake ni joto. Siku ikiwa fupi mmea unaacha mambo ya maua, unashuka chini kunenepesha viazi. Nimeisoma sababu hiyo mara nne na bado niliona kama nimelaumiwa mimi.

Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na meza kwenye maonesho ya Nanenane, viwanja vya Dole Kizimbani, nami nilikwishaahidi maua. Jana yake jioni nikakata matatu, mawili ya zambarau na jeupe moja dogo, nikazitia bua zake kwenye maji ya moto, si ya kuchemka, nikaziacha zipoe humo humo usiku kucha. Wanasema hivyo hunywa vizuri. Nikayaweka mezani mbele ya mama. Akayatazama muda mrefu.

"Watu watainama kunusa," akasema. "Utawaaibisha watu, mtu kainama na hakuna kitu. Kachume asumini."

Ilikuwa magharibi inaingia, nimechelewa, vitumba vingine vimeanza kufunguka. Nilichuma kwa taa ya simu. Yeye akashika uzi kwa meno, mkono wa kushoto ukaelekeza, mimi nikatunga. "Sindano ipite kwenye kikonyo. Kikonyo, si tumba. Unavunja. Rihani sasa. Kaza. Si hivyo, umekifunga kama mzigo wa kuni." Vikuba vinne vilituchukua zaidi ya saa, zamani angemaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Kimoja alikitunga mwenyewe mwisho wake, uzi mdomoni, na kilikwenda upande. Hicho ndicho nilichokifunga kwenye shingo ya chupa.

Asubuhi nikapakata ndoo ndani ya daladala. Konda akataka nauli ya ndoo, tukabishana mpaka abiria wakaingilia, bibi mmoja akasema, "Mwache, si unaona kabeba maua ya watu?" Pale Dole meza yetu ilikuwa na mabilingani, achari za ndimu, miche ya mikarafuu, na mwisho kabisa chupa yangu. Hakukuwa na mashindano ya maua ya aina hiyo, sikupewa cheti, sikukitarajia. Lakini mama alijua watu wake. Kila aliyesimama aliinama. Mzee mmoja wa kofia akainama, akavuta pumzi, akatabasamu, "Hii inanukia!" Nikasema, "Si yenyewe, mzee, hiyo ni asumini iliyo chini." Akainama tena, pua kwenye petali za zambarau tu, akakaa hapo, akainuka. "Kweli. Hainuki wala hainukii." Mtu mzima mwengine alipoambiwa jina akanitazama kama naleta masihara. "Dalia? Dalia ya kujipaka?" Nimelijibu swali hilo, nadhani, mara arubaini siku ile. Hata sauti ikanikauka. Kuhusu jicho la manjano katikati, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mtoto wa skuli alisema ndipo penye uzuri.

Sasa leo. Mimea imekauka, nikafukua kabla ya vuli ili lisinirudie la Machi. Ndoo ya kwanza niliipindua nikashtuka: kiazi kimoja kimekuwa kumi na kimoja, vimebanana kama vidole vya mkono uliokunjwa. Ndoo ya pili vinane. Ule wote niliodhani ni uvivu wa mmea ulikuwa chini huku. Nimevikausha kivulini, nimevifukia ndani ya unga wa mbao kwenye kapu chini ya kitanda, vyengine nimemwekea wifi.

Na kile kipofu nacho nimekitoa. Kimekaa miezi mitano ndani ya udongo, hakijatoa hata ncha, na bado kizima, kigumu, kama siku kilipotoka Lushoto. Nikawa nakitafutia pa kukitupa.

"Kisichokuwa na jicho si cha kupanda," akasema mama. "Si umenisomea kwamba wanavila? Kichemshe."

Nikamenya, nikachemsha na chumvi. Kilikuwa cha majimaji, baina ya mbatata na kitu ambacho sikijui. Nimekula kipande kimoja nikaacha. Mama akachukua chake kwa mkono wa kushoto, akatafuna taratibu upande mmoja wa kinywa, akameza, akanywa maji.

"Kinataka nazi," akasema.