Nilivyopima na kupunguza vumbi la zege saitini

Kwenye jengo la ghorofa Dar es Salaam, kazi iliyonisumbua zaidi kwa vumbi ilikuwa kukata kuta na nguzo kwa grinda ili kupitisha paipu za umeme. Watu wengi huogopa wingu linaloruka mfuko wa saruji unapofunguliwa. Kweli saruji huunguza ngozi na kuwasha macho na koo, lakini hatari kubwa imo ndani ya zege lililokwisha kukauka, kwa sababu mchanga wa mto na kokoto za mwamba mgumu vina silika, madini magumu ya mchanga. Diski ikivisaga hutoa chembe ndogo mno, na zile za mikroni 4 (milimita 0.004) kushuka chini ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Hazionekani kwa macho. Huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, na mwenye silikosisi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Ukuta wa kale wa mawe ya matumbawe ni chokaa, silika yake kidogo, kwa hiyo nilianza na zege.

Kupima nilitumia pampu ndogo ya betri. Fundi huivaa kiunoni, mpira wake ukapita mgongoni hadi kwenye saikloni iliyobanwa kolani, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Saikloni huzungusha hewa: chembe kubwa huanguka kwenye kikombe cha chini, ndogo huenda kwenye kichujio cha PVC, aina ya plastiki, cha milimita 37. PVC hainywi unyevu ovyo, na kwa hewa ya pwani hilo ni muhimu, maana kichujio kikinywa maji uzito wake hudanganya.

Kila saikloni ina mwendo wake wa hewa. Ya alumini ni lita 2.5 kwa dakika, ya nailoni ni 1.7. Ukizidisha, saikloni hutupa hata chembe zilizopaswa kuhesabiwa na majibu hushuka. Ukipunguza, chembe kubwa hupita na majibu hupanda. Nilipima mwendo kabla ya kazi na baada ya kazi, saikloni ikiwa imeunganishwa; tofauti ikizidi asilimia 5, sampuli hiyo sikuitumia. Mkanda wa usalama wa kupandia juu ndio unaobana mpira mara nyingi, basi upitishe mpira juu ya mkanda, si chini yake. Na wakati wa chakula usimwache fundi alaze kizibao chake chenye saikloni: saikloni ikipinduka, changarawe ya kikombeni humwagika juu ya kichujio, na kazi ya siku nzima imepotea. Vichujio viwili visivyopitishwa hewa husafiri na vingine hadi maabara ili kuonyesha kama kuna uchafu ulioingia njiani.

Hesabu ni rahisi, ila ndipo watu wanapojidanganya. Tuseme pampu imevuta dakika 300 kwa lita 2.5: hiyo ni lita 750, yaani mita za ujazo 0.75. Maabara ikikuta miligramu 0.06 za silika, kiwango ni 0.08 kwa mita ya ujazo, sawa na mikrogramu 80. Kwa zamu ya dakika 480, ukihesabu dakika 180 zilizobaki kuwa sifuri, unapata mikrogramu 50, ambacho ndicho kikomo cha Marekani nilichojiwekea. Lakini sifuri hiyo ni halali tu ikiwa fundi kweli alikuwa nje ya vumbi. Kama alikuwa anafagia chumba alichokata, hiyo si sifuri hata kidogo. Ndiyo maana niliandika kila baada ya nusu saa anafanya nini, wapi, milango iko wazi au imefungwa. Namba bila maelezo ya kazi haikuambii urekebishe nini.

Nilitumia pia kifaa kinachosoma vumbi papo hapo kwa mwanga. Kinafaa kugundua ni dakika gani vumbi linapanda. Hakitofautishi silika na vumbi jingine, na matone madogo ya maji huyasoma kama vumbi, kwa hiyo kwenye kazi ya maji usikiamini.

Kwa grinda ya inchi 4½ niliweka kava linalofunika diski na kuunganisha mashine ya kuvuta vumbi. Kipimo cha kushika ni kuvuta hewa mita za ujazo 0.7 kwa dakika kwa kila inchi ya diski, hivyo hapa inahitajika kama 3.2. Mashine ya kusafishia zulia haifiki. Kichujio chake huziba haraka na kinachopita hurudi chumbani. Iwe yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo mno, na namna ya kukikung'uta bila kukifungua. Fundi asogeze grinda kinyume na mzunguko wa diski, ili unga uingie kavani, na asiende mbele na nyuma. Pembeni mwa ukuta kava huachia mwanya. Hapo barakoa haina mjadala.

Msumeno wa petroli wa kukatia zege na matofali ya kutandika barabarani ulipewa maji, angalau nusu lita kwa dakika, pande zote mbili za diski. Tangi la lita 10 huisha baada ya dakika 20, na fundi huendelea kukata kavu. Dawa ni kibarua mmoja na ndoo kando yake. Tope lichotwe likiwa bichi, likikauka ni vumbi tena.

Kufagia kwa ufagio mkavu nilikataza kabisa, pamoja na kupuliza nguo kwa kompresa. Maranda yaliyoloweshwa hutandazwa kwanza, ndipo mtu afagie.

Barakoa ya FFP2, daraja la Ulaya la barakoa za vumbi, hupunguza vumbi mara 10 tu, na hiyo ikiwa imegusa ngozi pande zote. Kwenye ndevu hewa hupenya pembeni. Ya kitambaa haihesabiwi. Joto huilowesha FFP2 kwa jasho, basi nilitoa mbili kwa siku, moja asubuhi na nyingine baada ya chakula.

Baada ya kava na maji kukaa sawa, nilirudia kupima fundi yule yule, kazi ile ile, chumba kile kile, pamoja na kibarua wa usafi, ambaye kwenye mipango mingi hata hatajwi.