Jiwe katika mfereji wa nyongo wa mama
Kwa wiki tatu mama alikuwa na macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi na mwasho uliomnyima usingizi, na katika zahanati ya kwanza alitibiwa malaria mara mbili kabla ya ultrasaundi kuonyesha kwamba jiwe limeziba mfereji wake wa nyongo. Jana alifanyiwa ERCP: akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, daktari alipitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, akakata kidogo mlango wa mfereji, mbinu iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1974, kisha akalivuta jiwe kwa puto dogo. Tumbo lake halina hata kovu. Nilichokiogopa zaidi ni kongosho kuvimba, kwa kuwa ndilo tatizo kubwa linalofuata mara nyingi baada ya matibabu haya, na namshukuru sana daktari aliyetueleza hilo waziwazi kabla hatujatia saini, akampa na diklofenaki ya kuweka njia ya haja kubwa ili kupunguza hatari hiyo. Leo asubuhi mama ameomba uji.