Siku tuliyofukuzia athi Kange

Mjomba angu ni fundi umeme Tanga, ana leseni yake ya EWURA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, na nilivyomaliza form four nikawa namfuata site kubeba ngazi na kuchana kuta za kupitisha paipu. Mambo ya mwanzo niliyashika hukohuko, waya wa unene wa 1.5 (milimita za mraba) ni wa taa, 2.5 wa soketi, jiko na hita unapanda mpaka 4 au 6, na swichi lazima ikate laini, waya unaoleta umeme, sio nyutro, waya unaourudisha, maana ukikata nyutro taa inazima sawa ila kwenye holda umeme bado upo, anayepanda kubadilisha globu anapigwa. Athi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ndo ilikuja kuniingia siku tuliyoitwa Kange, hapohapo Tanga.

Mama mmoja friji yake ilikuwa inapiga, hasa akitoka kupiga deki, mpaka akaweka ndala jikoni mtoto asifungue friji pekupeku. Na nyumba ni mpya kabisa, jipsam, taa za urembo kila kona. Mjomba akamwambia taratibu, "Mama, ndala hazitoshi hapa."

Akazima meinswichi akanipa testa. Kwake testa unaijaribu kwanza pale unapojua umeme upo, ndo unaenda kwenye soketi unayotaka kufungua, alafu unarudi kuijaribu tena, kwa sababu testa iliyokufa itakwambia hakuna umeme wakati upo. Nikafungua soketi ya friji, brauni ya laini ipo, bluu ya nyutro ipo, kijani na njano ya athi imekazwa vizuri tu. Tukafuata mpaka meinswichi, athi zote zimekusanywa pamoja, safi kwa macho, ila kutoka pale kwenda nje hakuna waya hata mmoja, na tukazunguka nyumba nzima hakuna rodi, kile chuma cha athi kinachopigiliwa ardhini!! Hii iliniuma sana kwa kweli, maana athi zikiunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila kufika ardhini, friji ikivujisha umeme unatembea mpaka kwenye bodi la mashine ya kufulia, pasi, kila chenye chuma kilichochomekwa. Aliyefanya hivyo alijua kabisa mwenye nyumba hawezi kuona, na hilo ndo baya zaidi.

Tukapigilia rodi ya shaba karibu na bafu la nje ambako udongo una unyevu, tukavuta waya mpaka ndani, mita ikasoma ukinzani kama om 20. Mama akashukuru, akajua imeisha. Mjomba akachukua chaki akaandika ukutani volti 230 gawa kwa om 20, jibu ampia 11.5, alafu akanionyesha breka ya soketi imeandikwa 32, yaani haikati mpaka umeme uzidi ampia 32. "Unaona mpwa wangu? Umeme wote huu unavuja na breka haina habari, hii imewekwa kulinda waya usiungue, haimlindi mtu." Na mtu miliampia 50 tu zikimpita kifuani moyo unaweza kusimama.

Kilichokosekana ni RCD, kifaa cha kukata umeme ukivuja. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro, tofauti ikifika miliampia 30 inakata, haimalizi hata theluthi ya sekunde. Mama akaanza kusema hela imeishia kwenye mapazia, tutafanya mwezi ujao, na mjomba ni mtu mpole jamani lakini siku ile aligoma kabisa kuwasha, akasema atanunua yeye mama amlipe hata kidogo kidogo, ndo nikatumwa mjini kuifuata.

Tukaifunga, umeme ukarudishwa, akamwita mama abonyeze mwenyewe kile kitufe cha T cha kuijaribu, nyumba nzima ikazima, akamwambia awe anabonyeza kila baada ya miezi mitatu na siku ikigoma kuzima atupigie siku hiyohiyo. Nikawasha tena, nikachomeka friji, RCD ikakata hapohapo. Nikaichomoa nikachomeka pasi, ikatulia. Mjomba akanambia niikokote friji kutoka jikoni, ikaondoka na bajaji jioni ileile kwenda kwa fundi friji.