Kioo cha kabati kilichookwa kwenye oveni ya mteja

Mama mmoja mwokaji keki wa Ngarenaro, Arusha, alinipa kazi ya kabati la vitafunwa lenye kioo cha mbele kilichopinda, nami nikamjibu "hakuna shida, mama" kwa sauti ya mtu aliyezoea kukunja akriliki (plastiki angavu inayotumika badala ya kioo), jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata siku moja.

Fundi mwenzangu hapa mtaani Unga Limited alinishauri nitumie moto wa gesi, na ikigoma niongeze moto. Nikaongeza. Shiti ya milimita 3 ililegea pembeni huku katikati ikibaki ngumu, kisha ndani yake yakazuka mapovu, mamia kwa mamia, kama soda iliyotikiswa ikaganda papo hapo. Nilimlaumu muuza duka kwa bidhaa bandia. Kumbe ilikuwa Aprili, mvua za masika zimekolea, na shiti ilikuwa imekaa wiki tatu ikiegemea ukuta wenye unyevu, bila karatasi yake ya kinga. Akriliki hunyonya unyevu, na ikifikia joto la kukunjia unyevu huo hugeuka mvuke ndani kwa ndani.

Shiti mpya ilihitaji kukaushwa usiku kucha kwa nyuzi 80, na oveni niliyoifahamu ni ya mteja mwenyewe.

"Fundi, unaoka nini humo?"

"Kioo chako, mama."

Alicheka, akadai pesa ya umeme wa LUKU. Nikatoa elfu kumi hivi.

Asubuhi tulipandisha joto hadi kama nyuzi 160, shiti ikalegea kama chapati. Niliitandaza juu ya kalibu ya mbao niliyoivika blanketi kuukuu, ila ikakaa upande. Hapo nilijua nimekwisha. Kwa kukata tamaa nikairudisha ndani, na mbele ya macho yangu ikajinyoosha yenyewe ikawa bapa tena, kwani akriliki iliyokunjwa kwa joto hurudia umbo lake la awali ikipashwa upya. Nilichungulia kwenye mlango wa oveni kama mtoto anayesubiri keki. Mara ya pili niliikandamiza kwa glavu za pamba mpaka ikapoa kabisa, na sikuiachia hata pua iliponiwasha, maana ukiiachia ingali na joto mkunjo hufunguka.

Shiti ya mapovu imetundikwa karakana. Mwenzangu huwaambia wateja kuwa ni urembo, na mmoja ameshauliza bei.