Nilivyoacha kuchanganya "kila" na "kuna" kwenye mantiki

Wiki mbili nilikwama kwenye zoezi la mantiki hapa Jinja, Uganda. Kilichonikwamua ni daftari la kikundi chetu cha akiba.

Tuseme M(x) ni "x ni mwanachama" na L(x) ni "x amelipa". ∀x husomeka "kila x", ∃x ni "kuna x", ∧ ni "na", → ni mshale wa sharti ("ikiwa… basi"), na ¬ ni kikanushi ("si"). "Kila mwanachama amelipa" nilikuwa naiandika ∀x(M(x) ∧ L(x)). Hiyo inadai kwamba kila mtu, hata muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa pale kona, ni mwanachama na amelipa. Inatakiwa mshale: ∀x(M(x) → L(x)).

Kwenye "kuna mwanachama aliyelipa" nilikosea kinyume: ∃x(M(x) → L(x)). Hapa ndipo nilipolala macho. Muuza rolex si mwanachama, kwa hiyo kwake M(x) ni uongo, na sharti lenye mwanzo wa uongo huhesabika kweli. Kauli inapita hata kama hakuna aliyetoa shilingi! Ni lazima ∧.

Gumu zaidi lilitoka kwa mweka hazina: "Wanachama wote hawajalipa."

"Mama, hata mmoja hajalipa?"

"Hapana mwanangu, watatu ndio bado."

Kumbe alimaanisha ¬∀x(M(x) → L(x)), yaani ∃x(M(x) ∧ ¬L(x)). Mimi nilishaandika ∀x(M(x) → ¬L(x)), nikawafanya wote wadaiwa.

Sasa, kabla ya alama yoyote, natafuta mtu mmoja ambaye angeiangusha kauli. Nikimpata, najua kikanushi kinakaa wapi.