Nani Alichoma Mtumbwi

Bibi wa kwenye kitabu kile alikuwa akipika gongo, na mwandishi hakutuficha. Sura ya pili tu unamkuta amechuchumaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, anakinga matone kwa chupa ya bia, huku mjukuu wake, binti wa miaka 16 ambaye ndiye mhusika mkuu, analinda njia asije akatokea mgambo. Bibi huyo alikuwa na jicho moja bovu, mdomo mchafu, na madeni ya watu wa mwalo mzima ameyaweka kichwani bila daftari. Tulimpenda kuliko mtu yeyote humo ndani.

Jina la kitabu nitalihifadhi, na la mwandishi pia. Ilikuwa riwaya ya vijana, nyembamba, jalada lina mtumbwi unaowaka moto, nayo iliingia bwenini kwetu tukiwa kidato cha tatu. Ilizunguka mpaka jalada likabanduka. Mwenye zamu aliisoma saa za prepo akiwa ameipachika ndani ya kitabu cha Baiolojia, na foleni ya wanaosubiri iliandikwa kwa penseli ukurasa wa mwisho, majina mengine yamekatwa kwa kosa la kuchelewesha. Ndani yake kuna usiku mmoja wa Julai, mbalamwezi imeng'aa, hakuna wingu, mtumbwi wa dagaa wa baba yake binti umevutwa mchangani, na asubuhi yanakutwa majivu. Nani kauchoma? Kitabu kiliishia hapo. Sisi tuliendelea. Wapo waliomshuku baba mdogo mwenye madeni, wapo waliomshuku tajiri wa makokoro, zile nyavu za kukokota, na mabishano yalifika mahali watu wakanuniana hadi kwenye foleni ya uji.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2018, tumeshamaliza kidato cha nne, kila mtu yuko kwao anasubiri matokeo. Kwetu ni Nansio, Ukerewe. Mjomba aliniletea kutoka Mwanza, ndani ya mfuko wa Rambo pamoja na vitunguu na betri za redio, nikaianza kabla sijamshukuru vizuri.

Bibi alikuwa amekufa. Wala hakufia mbele yetu. Amekufa katikati ya kitabu na kitabu, tunaambiwa kwa sentensi moja ukurasa wa kwanza, na binti ameshahamia mjini kwa shangazi yake. Nikageuza jalada kuhakikisha sijapewa kitabu kingine. Binti aliyekuwa akipiga kasia usiku peke yake kutoka kisiwa hadi kisiwa, sasa analia kwa sababu simu haijapokelewa. Vijana wawili wanamgombea, mmoja ana pikipiki, mwingine anaimba kwaya, na sura kadhaa nzima zinakwenda kwenye suala la nani amsindikize harusini. Nilivumilia yote hayo kwa ajili ya mtumbwi. Nao ukaja kuelezwa zikiwa zimebaki kurasa chache, na mzee fulani ambaye hatujawahi kumwona: kumbe haukuchomwa na mtu, ni radi.

Radi! Na anatuandikia sisi tuliozaliwa ziwani. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, hilo sibishi. Kuna usiku wa masika unaweza kuokota sindano kwa mwanga wake. Lakini radi ina wingu lake na msimu wake. Juni mpaka Agosti kwetu ni kiangazi, na ni yeye mwenyewe aliyeandika Julai, mbalamwezi, hakuna wingu. Nakala ya bwenini ilikuwa imebaki mikononi mwangu. Nikatia alama ya penseli kwenye mstari wa mbalamwezi, nikatia nyingine kwenye mstari wa radi, nikavifunga vitabu vyote viwili kwa mpira. Muda si mrefu redio ikatangaza maonyesho ya vitabu Mwanza, na kwamba mwandishi atakuwepo kusaini vitabu vyake.

Mama hakutaka kusikia. Ilikuwa Desemba, na Septemba 20 ya mwaka huohuo kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Akasema kama ni lazima niende, nizunguke kwa barabara, nipitie Bunda. Baba akamkumbusha kwamba hata huko Bunda huendi bila kuvuka kutoka Rugezi hadi Kisorya, tena kwa kivuko. Ukerewe ni kisiwa. Utazunguka utakavyo, maji utayavuka. Siku ya safari mama alinisindikiza mpaka gatini, akasimama pale hata baada ya meli kung'oa.

Mwanza nilifikia kwa mama mdogo, Kirumba. Anauza dagaa Mwaloni, soko ambalo mizigo ya visiwani inashushwa na kupakiwa tena kwenda mikoani na hadi Kongo, na nyumba yake, nguo zake, na baadaye vitabu vyangu, vyote vilinukia biashara hiyo. Aliniuliza nimekuja kununua nini huko kwenye maonyesho. Nikamwambia sijaja kununua, nimekuja kuuliza.

"Kuuliza nini?"

"Bibi kaenda wapi."

Akaniangalia kama anayetaka kunipima homa, kisha akanipa nauli ya daladala.

Nilidhani maonyesho ya vitabu ni ukumbi uliojaa hadithi. Nilichokikuta ni meza baada ya meza za vitabu vya shule: Hisabati, mikusanyiko ya mitihani iliyopita na majibu yake, chati za herufi, globu za plastiki, na pembeni kidogo Biblia na misahafu. Wanafunzi wa shule za msingi walioletwa kwa mabasi walikuwa wamepangwa mistari juani, kwa sababu hakuna kinachoanza mpaka mgeni rasmi afike, na mgeni rasmi hakuwa na haraka. Alipofika ikapigwa ngoma, ikasomwa risala, ikaimbwa ngonjera ya faida za kusoma, na muda wote huo vitabu vyenyewe vimefunikwa vitambaa. Hotuba ilituhimiza tujenge utamaduni wa kusoma. Tulikuwa hatua chache kutoka kwenye vitabu, tumezuiwa kwa utepe.

Riwaya zilikuwa na meza moja, mwisho kabisa, jirani na jenereta. Mwandishi alikuwa amekaa nyuma yake na shati la kitenge lililochakaa kola, anajipepea kwa kitabu chake mwenyewe. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa anauliza choo kiko wapi.

"Shikamoo, mwalimu." Nilimwita mwalimu kwa kuwa sikujua waandishi wanaitwaje, kumbe kweli alikuwa anafundisha.

"Marahaba, binti. Nikuandikie jina gani?"

Nikaweka vitabu vyote viwili mezani, nikavua mpira, nikafungua penye alama. "Mwalimu, hapa ni Julai na kuna mbalamwezi. Hapa kuna radi."

Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akageuka kumtafuta dada wa kampuni ya uchapishaji, ambaye alikuwa anaongea na simu mbali kidogo.

"Unatoka wapi wewe?"

"Ukerewe."

"Ndiyo maana." Akashusha sauti. "Alichoma bibi."

Nilidhani sijasikia, jenereta ilikuwa inanguruma. Bwenini tulishamshuku kila mtu mpaka katekista, lakini bibi hakuna aliyemgusa. Akanieleza harakaharaka, peni iko bado mkononi. Baba alikuwa ameshakubali kumwoza binti kwa tajiri wa makokoro, na mtumbwi ule ndio ungempeleka kisiwani kwa mume. Bibi akautoa usiku mtungi wake wa akiba, akaumwagia mtumbwi gongo kuanzia omo hadi tezi, akawasha kiberiti. "Ile kali inashika moto vizuri," akasema, "nadhani nyie mnajua." Mambo yote yalikuwa yamepangwa tangu kitabu cha kwanza. Ndiyo sababu ya kutuonyesha ile mitambo kwenye migomba mapema vile.

"Sasa kwa nini umemuua?"

"Shule zilikirudisha kitabu. Wakasema bibi anapika gongo, mjukuu analinda, hakuna anayekamatwa, mwanafunzi atajifunza nini? Mchapishaji akaniambia, mwalimu, riwaya isiyoingia shuleni itatuozea stoo. Nani mwingine ananunua?" Akaizungusha peni kuonyesha ukumbi.

Sikuwa na la kumjibu. Zile meza za mitihani nilikuwa nimezipita zote, na huko ndiko watu walikojaa. Kwetu mchapishaji anaishi kwa shule. Riwaya ikiteuliwa kusomwa darasani itauzwa miaka na miaka. Isipoteuliwa inabaki ya sisi wa kuazimana, na sisi nakala moja tunaimaliza bweni zima.

"Kurasa zake zipo?"

"Zipo nyumbani. Zinafika kama 40."

"Utazitoa sehemu ya tatu?"

Dada wa kampuni akawa amemaliza simu. Mwalimu akavaa miwani, akainama, akaandika jina langu kwa mwandiko wa ubaoni kwenye kitabu cha pili. Cha kwanza akakigeuza, akakuta ile foleni ya penseli, akaisoma jina kwa jina mpaka chini. Akauliza waliokatwa walikosa nini. Nikamweleza. Hapo ndipo nilipomwona akicheka, kicheko cha kweli, hata dada wa kampuni akasogea kuuliza kuna nini. Sehemu ya tatu haijatoka mpaka leo.

Sababu yake niliielewa, na huruma nilimwonea, lakini huruma haikuifanya radi ile iwe nzuri. Angeweza kumzika bibi kwa heshima, tukaenda msibani na sisi. Angeweza hata kuuacha mtumbwi bila jibu, tukabishana miaka mingine kwa raha zetu. Kutupa jibu la uongo halafu akalifunga na harusi, hapana.

Nje ya geti kulikuwa na mzee aliyetandika turubai na vitabu vikuukuu. Nadhani hakuwa na pesa ya kulipia meza. Aliniuliza mbona nimenuna. Nikamsimulia. Aliposikia Ukerewe akaguna: mtu wa kwao Kitereza unanunia kijitabu hicho?

Aniceti Kitereza nilikuwa nalisikia tu kama jina la mzee wa Kagunguli wa zamani aliyewahi kuandika kitu. Mzee akachomoa kitabu kinene, kimepauka, Tanzania Publishing House, 1980. Ilikuwa juzuu ya pili. Ya kwanza, ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alikuwa ameshaiuza, basi akanisimulia palepale huku akibishana bei na mteja wa kamusi: mume na mke hawajapata mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, mume hatarudishiwa mke mpaka apeleke pombe ya ndizi, na pombe yenyewe inaelezwa inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, hakuna kinachorukwa. Kitereza aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Kikerewe hakikupata wa kukichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980, naye akafariki 1981, nakala hazijamfikia.

Nikamfikiria mwalimu kule ndani na kurasa zake. Nilitaka kurudi nimwambie, halafu nikaona ni habari gani hiyo ya kumpelekea mtu mwenye watoto wa kulipia ada: kwamba yupo aliyeiandika pombe yake yote, akasubiri miaka 35, akafa hajakishika kitabu?

Mzee alitaka shilingi 20,000. Sikuwa nazo. Akanipindulia ndoo nikakaa, nikasoma habari za watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali, bure, bila kumjua mtu, nimeingilia hadithi katikati, mpaka alipoanza kukunja turubai na kunidai miguu niinue.

Nyumbani mama mdogo akaomba kitabu kilichonivusha maji. Nikampa cha pili, makusudi, nione. Alikisoma usiku ule, na kesho yake akaenda nacho Mwaloni, anasoma kati ya mteja na mteja, kila ukurasa anauachia vumbi la dagaa. Jua lilipokuwa kali akakifunga na kuniambia ni kitabu kizuri sana.

"Kizuri wapi, mama mdogo?"

"Binti ametulia. Na yule wa kwaya ndiye mume, wa pikipiki angemsumbua."

"Na mtumbwi?"

"Si radi?"

"Julai, mama mdogo? Kitabu cha kwanza kinasema usiku ule kulikuwa na mbalamwezi, hakuna wingu."

Mkono wenye kisado ukasimama juu ya gunia. Mteja akangoja.

"Mbalamwezi?" akasema. "Basi ndiyo maana mtumbwi ulikuwa mchangani. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi, taa hazifanyi kazi, mitumbwi yote inalala nchi kavu. Aliyeuchoma alijua ataukuta." Akamimina kisado, akapokea hela bila kuihesabu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Huyo si tajiri wala nani. Huyo ni mtu wa nyumbani kabisa. Hicho cha kwanza umekiweka wapi?"