Rimu ya Land Rover kwenye rege

Kwenye chumba chetu cha mazoezi pale Soweto, Mbeya, kuna rimu ya Land Rover inayoning'inia kwa mnyororo kwenye boriti. Mpiga dramu wetu, kijana wa miaka 22, aliinunua kwa wauza vyuma chakavu Mwanjelwa. Jumapili moja mchana akaingia nayo begani, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Julai, akasema hiki ndicho kitu kilichokuwa kinakosekana kwenye wimbo wetu. Mzee wetu wa besi, mstaafu wa reli, alivua miwani akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, hapa ni bendi. Gereji iko barabarani."

Mimi napiga gitaa la rithimu. Siku ile nilikuwa upande wa mzee kabisa, na nilimwambia kijana airudishe alikoitoa. Sasa nimebadilika.

Wimbo wenyewe unamhusu mtoto anayeshuka mlimani asubuhi kwenda shule, kule Rungwe. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi huku kwetu, iwe Tukuyu, Makete au Mufindi, anaijua sauti ya rimu. Imetundikwa kwenye mti, mwanafunzi wa zamu anaigonga kwa kipande cha nondo, na wewe bado uko bondeni ndani ya ukungu, kaptura imelowa umande, unaanza kukimbia maana unajua fimbo inakusubiri mstarini. Ukiisikiliza kwa makini, sauti ile ina sehemu mbili. Kwanza chuma kinalia kwa ukali, kikavu, halafu unabaki mvumo unaoyumba, unapanda na kushuka kidogo kidogo mpaka unaishia hewani. Kijana alipoigonga mle chumbani, mwili ulinisisimka. Nilikuwa darasa la tatu tena.

Mzee hoja yake ni kwamba rege ni besi na dramu, vingine ni mapambo. Namheshimu, na besi yake ndiyo inayotubeba. Lakini huko Jamaika kwenyewe muziki huu ulizaliwa katikati ya vitu vya ajabu. Kabla ya rege kulikuwa na mento, muziki wa kienyeji wa huko, na besi ya mento ilikuwa sanduku la mbao lenye ndimi za chuma. Mpigaji analikalia na kuzidonoa kwa vidole. Ni ndugu mkubwa wa ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Mwaka 1968 mtayarishaji wa muziki Lee "Scratch" Perry aliweka kilio cha mtoto mchanga ndani ya People Funny Boy, na huo ni kati ya nyimbo za mwanzo kabisa za mdundo huu. Kwenye albamu ya kundi la The Congos ya mwaka 1977, aliyoitengeneza kwenye studio yake ya Black Ark, unasikia ng'ombe wakilia. Augustus Pablo naye alichukua melodika, kinanda cha kupuliza ambacho wengi walikiona cha watoto wa shule, akakifanya kilie kwa huzuni ambayo sijaisikia kwenye chombo kingine.

Kwa hiyo kwangu swali la kama kelele inaruhusiwa lilishajibiwa zamani. Linalonisumbua ni inakaa wapi. Kwenye wani dropu, mdundo wa rege tunaoupiga, katika kila mapigo manne pigo la kwanza linaachwa wazi, dramu inaangukia la tatu. Gitaa langu linachapa la pili na la nne, kwa kifupi, kisha nalizima kwa kiganja. Muziki mzima umesimama juu ya nafasi zilizoachwa. King Tubby, fundi wa redio na umeme wa Jamaika aliyekuwa akizichanganya upya nyimbo za rege studio, alilielewa hilo kuliko wote. Mwangwi wake na ile milio yake ya ajabu ilisikika kwa sababu kwanza alitoa sauti ya mwimbaji, akatoa gitaa, akabakiza besi na dramu, ndipo akaiachia kelele ipite.

Ndiyo maana vuvuzela niliikataa na bado naikataa. Kijana aliileta wiki iliyofuata. Ina noti moja tu, karibu na B flati, na wimbo wetu uko kwenye ufunguo wa A maina. Inaikwaruza A bila kuacha, haina pa kuhamia. Ikilia inajaza chumba kizima, hata mzee alikuwa anatazama vidole vyake kujua anapiga nini.

Na rimu nayo mwanzoni ilitushinda. Aliigonga kila pigo la tatu, na kwa kuwa mvumo wake unachukua sekunde kadhaa kufa, pigo moja lilipanda juu ya lingine, besi ikazama. Tulihangaika nayo Jumapili tatu. Tulifunga kipande cha tairi ndani yake ili mvumo ufe mapema, tukaacha nondo, tukatumia mpini wa jembe. Kisha tukapunguza: pigo moja tu kila baada ya baa nane (baa moja ni yale mapigo manne), kwenye lile pigo la kwanza ambalo dramu inaliacha. Dada anayeimba aligeuka akatutazama. "Hapo sasa," alisema, "napata pa kuvutia pumzi."

Mzee hakusema kitu. Lakini tulipourudia wimbo nilimwona anamhesabia kijana baa kwa kichwa, na ya nane ilipofika alinyanyua kidevu.

Jumapili ijayo tunarekodi. Rimu ikigongwa mle ndani inaingia kwenye kila maiki, hivyo tutaitundika nje, kwenye mparachichi wa mwenye nyumba, mlango uwe wazi kidogo. Kijana atakuwa peke yake uani na baridi yake. Mzee ameshasema atakaa karibu na mlango, ili kijana akione kidevu chake.